Nipe Unayopaka Wewe

Rubwera, Jumanne jioni. Kiangazi kimekolea. Vumbi jekundu la barabarani limeingia mpaka ndani ya makabati ya vioo, na leo sijafuta hata moja.

Nimefunga duka kabla ya Alasiri. Majirani zangu wa dukani watalisema hilo wiki nzima, na waseme. Nimekaa chumbani na kioo kidogo mkononi, naandika hapa jambo ambalo sijaweza kumwambia mtu nikimtazama machoni.

Nina miaka hamsini na tisa. Nauza vipodozi tangu hapa hapajawa makao makuu ya wilaya, katika duka aliloniachia baba, naye aliachiwa na babu aliyekuja kutoka Pangani na marobota ya kanga. Wateja wangu wengi ni kina mama wa mashambani, wa Kibingo, wa Kimuli na vijiji vya huko. Hawahangaiki na maandishi ya kwenye makopo. Wananitazama usoni, wanasema, "Nipe unayopaka wewe."

Uso wangu ndio kibao cha duka.

Miaka yote hiyo nimepaka poda ile ile ya kopo la duara, wanja mzito, na rangi ya mdomo ya damu ya mzee. Mteja akitaka ninachopaka, namshushia hicho hicho kutoka rafuni. Nilikuwa najivunia hilo, tena sana.

Halafu ngozi ikaanza visa. Poda ikawa inajikusanya kwenye makunyanzi, ikifika adhuhuri uso umepasuka kama ukuta wa udongo. Rangi ya mdomo ikawa inatambaa kwenye vimistari vya juu ya mdomo. Wanja ndio usiseme. Nikivaa miwani siwezi kufika kwenye jicho, nikiivua jicho lenyewe silioni. Nilikuwa najichora kwa kubahatisha, siku nyingine nyusi moja iko juu ya mwenzake. Nami nilifanya nini? Nikaongeza poda.

Kwenye Idi alikuja Rehema, binti wa kaka yangu, anayefanya kazi saluni Mwanza. Alinitazama, akanishika mkono akaenda kuninawisha kama mtoto. "Shangazi," aliniambia, "unapaka uso uliokuwa nao zamani." Akanifundisha upya: losheni kwanza, nisubiri inywewe na ngozi, faundesheni ya majimaji, nukta chache tu, ipapaswe kwa sponji yenye unyevu, poda puani peke yake, nyusi kwa penseli ya kahawia, rangi ya mdomo iwe nyepesi. Kazi ya macho nikashindwa, tukaiacha. Nilipojiangalia nilitaka kulia. Nilikuwa mimi, nimezeeka, lakini mimi.

Aliniachia mkoba wake na vyote vilivyomo. Dukani sina hata kimoja cha namna hiyo. Nina makatoni ya makopo ya duara mpaka darini.

Wiki tatu zilizopita aliingia Mama Devotha wa Kibingo. Ni rika langu, mkulima wa kahawa, wazazi wake walitoka Burundi. Maisha yake yote amejipaka mafuta ya mgando, basi. Lakini binti yake wa pekee alikuwa anaolewa, na siku hiyo moja alitaka apendeze mbele ya wakwe. Alinitazama kwa muda, akacheka.

"Mama Zuhura, siku hizi umependeza kweli. Nipe unayopaka wewe."

Dukani tulikuwa wawili tu. Mkoba wa Rehema ulikuwa chini ya kaunta, mguu wangu unaugusa. Ningeweza kumwambia, mama, hii siuzi, lakini njoo asubuhi ya harusi nikupake. Ningeweza. Mkono ukapanda rafuni, ukateremsha kopo la duara.

Nikamfungia kwenye gazeti, vizuri kabisa.

Leo amerudi, juu ya bodaboda, na mkungu wa ndizi wa kunishukuru na bahasha ya picha. Akazipanga kwenye kaunta moja moja. Devotha aling'aa. Pembeni yake alisimama mama yake, uso wa majivu juu ya shingo iliyoiva kwa jua la kuanikia kahawa. Katika picha ya tatu poda imepasuka kila mahali alipocheka. Katika ya tano amejifunika mdomo kwa kitenge. Baada ya hapo simwoni tena. Wakwe wanapokea zawadi, Devotha anakabidhiwa, shangazi zake wako pale, wajomba wako pale.

Nikamuuliza, wewe uko wapi hapa?

"Nilikwenda kunawa," akasema. "Haikutoka yote. Basi nikabaki jikoni na wapishi."

Alisema bila kinyongo, anazirudisha picha kwenye bahasha zisichafuke vumbi. Kisha akanigusa mkono, eti ananituliza mimi.

"Usijali, mama. Poda haina kosa, kwako si inakaa vizuri? Ni hii ngozi yangu ya shambani."

Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni "pole". Pole! Akaaga, akapanda bodaboda yake, akaniacha na mkungu wa ndizi.

Nina aibu. Sijui nifanye nini na aibu hii. Makatoni ya darini siwezi kuyatupa, ndiyo maisha yangu. Uso wa zamani siwezi kuurudia, umekataa. Huu mpya kila asubuhi nikiuvaa nafungua duka la uongo, na kina mama watakuja, wataniangalia, watasema maneno yale yale.

Nimenawa sasa. Hakuna losheni, hakuna penseli. Uso uliobaki kwenye kioo una madoa mawili shavuni na nyusi chache, na hauwezi kuuza hata kiberiti. Ndio nitakaokwenda nao Kibingo kukikucha, na mkoba wa Rehema, nimwambie Mama Devotha kwamba ngozi yake haina kosa lolote.

Najua atanikaribisha. Atanitandikia mkeka, atanipa na kahawa ya kutafuna wanayokaribishia wageni, atasema yamekwisha.

Picha ya kumkabidhi Devotha itaning'inia ukutani juu yetu, na mama yake hatakuwemo.