Mumo Ameacha Kuita Kuku

Syombua rafiki yangu, kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba Mumo, mtoto wa kaka yangu, ameacha kuita kuku. Alikuwa akiwaita kila asubuhi mpaka majirani wanacheka. Sasa anashika tumbo tu.

Mama yangu alisema ni minyoo, akampa dawa. Haikusaidia. Leo alishikwa na degedege, tukakimbia naye zahanati.

Daktari hakuuliza habari ya minyoo. Aliuliza, "Hapo nyumbani mnafanya kazi gani?"

Kaka Kilonzo akajibu kwa majivuno, "Naziba madebe ya maji yanayovuja. Nayeyusha madini ya betri kuukuu za gari kuyazibia, pale jikoni."

Jikoni, Syombua. Daktari alilirudia hilo neno. Akasema risasi, yale madini yaliyo ndani ya betri, ni sumu: moshi wake, vumbi lake, hata maji ya madebe hayo. Mumo anapelekwa hospitali kubwa apimwe damu.

Kilonzo akabisha, "Mbona mimi mzima?"

Daktari akamwambia, "Nyoosha mkono, kisha inua kiganja."

Kiganja kilikataa kuinuka. Kilining'inia tu. Na sisi tulikuwa tukisema amechoka na kazi.

Daktari akasema sumu hiyo humfikia hata mtoto aliye tumboni. Akauliza nani mwingine hukaa karibu na moto ule. Nikatazama chini.

Mimi ndiye humpulizia Kilonzo moto, Syombua. Na nina mimba. Hakuna mtu mwingine anayejua.