Mlango wa Kushoto

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Masuguru hatujambo; bibi yako yuko Vugiri kwa dada yake, wanavuna maharage.

Umeniuliza kama uingie kwenye kiwanda cha magari ambacho wageni wamekijenga huko. Ujanani nami niliajiriwa na wageni, tukiunganisha malori. Kila likizo nilijitapa: "Mimi natengeneza malori!"

Siku moja nikiwa likizo Segera, lori la aina ileile likazimika hapo, limejaa machungwa. Watu wakanijia mbio. "Si wewe unayeyatengeneza? Basi njoo ulitengeneze."

Nilifungua boneti, nikabaki nimekodoa macho. Kiwandani nilikuwa napachika mlango wa kushoto tu. Nikaufungua, nikaufunga. Haukuwa na kasoro hata kidogo. Mwenye machungwa, mama mmoja wa Handeni, hakunisema. Alinimenyea chungwa, akanipa.

Ingia, mjukuu wangu. Lakini saa ya chai ikifika, chukua kikombe chako ukanywe na wale wanaofunga injini.

Ni mimi babu yako, ambaye wazee wa Segera mpaka leo wananiita Mlango.