Tupa ya Shomari

Jumatano.

Nilimwambia achukue nene.

Shomari alikuwa dukani na tupa mbili mkononi, ananiuliza ipi inafaa kuchongea vijia vya nyuzi kwenye ule mfupa wa shingoni mwa gitaa lake. Nilijua ni nyembamba. Nene itavipanua, nyuzi zitachezacheza na kukoroma. Lakini tangu tulipopiga magitaa kwenye ile harusi ya Mbegani anayesifiwa ni yeye, na mimi niliyemfundisha naitwa "yule mwenziwe".

Akalipia nene. Akanishika bega. "Kweli undugu ni kufaana. Peke yangu ningechukua nyembamba. Basi nichongee wewe, kaka, mimi mkono wangu mzito."

Gitaa lake limelala hapa kitandani kwangu. Tupa yangu nyembamba imo sandukuni, na sanduku bado sijalifungua.