Mbwa wa Kila Mtu

Jumanne

Na bado anacheka! Baba Kulwa, mume wangu huyo, anaona kumrushia mbwa mifupa wakati wa kula ni ufundi.

Tangu masika namfundisha Bobi kula kwenye bakuli lake tu, kwa mkono wangu tu. Sababu wote wanaijua. Wezi walipobeba ng'ombe wa jirani, walianza kwa kumtupia mbwa wake nyama yenye sumu. Lakini nikigeuka tu, Baba Kulwa karusha mfupa, na mayu, mama mkwe wangu, kadondosha tonge la ugali chini ya kiti. "Mbwa naye ana tumbo," anasema. Eti mkatili ni mimi.

Leo nikamwomba jirani huyohuyo arushe kipande cha nyama juu ya ua wa minyaa. Bobi hata hakunusa. Alikimeza, akatikisa mkia, akakaa kungoja kingine.

"Umeona adabu hiyo?" akasema Baba Kulwa. "Amekaa bila kuambiwa!"

Jirani aliinamisha kichwa, akaenda zake.

Naogopa, sitaficha. Ng'ombe wetu ndio ada ya watoto, ndio...

Basi. Wezi wakija, bwana mifupa atoke abweke mwenyewe.