Niliandika Risala ya Kabula Bila Kumuuliza

Kilosa, Jumatatu, siku tatu kabla ya Krismasi.

Mawingu yamekaa juu ya Magomeni, mtaa wetu hapa Kilosa, tangu asubuhi, mvua hainyeshi wala haiondoki. Nguo nilizofua zimebaki na unyevu kwenye kamba. Na mimi niko hivyo hivyo.

Nina aibu. Naanza na hilo ili nisije nikalizunguka.

Mnaonisoma hapa kwenye ukurasa wangu mnajua mimi si msemaji. Darasani nikiulizwa swali najua jibu na bado nanyamaza. Kuandika ndiko ninakoweza. Niko kidato cha tatu, na insha zangu, za Kiswahili na za Kiingereza, walimu huzisoma mbele ya wenzangu huku mimi nikijifanya natafuta kalamu chini ya dawati. Nalipenda sana jambo lile. Nadhani kosa lilianzia hapo.

Nyumbani tunaye Kabula, ana miaka kumi na mmoja. Mama yangu ni mama mlezi, yaani watu wa ustawi wa jamii humletea mtoto ambaye kwao pamevunjika, akae nasi mpaka ijulikane la kufanya. Huu ni mwaka wa pili wa Kabula. Kwao ni wafugaji waliotoka Kanda ya Ziwa, Wakristo. Sisi ni Waislamu. Jumapili Mama humsindikiza hadi mlango wa kanisa, akirudi ananunua dagaa. Hakuna aliyewahi kuona ajabu.

Mikumi kuna mfanyabiashara mmoja, wote tunamwita Madam Hilda. Alianza kwa kuuza maandazi kwenye ndoo pale yanaposimama mabasi. Leo ana kiwanda cha mikate, na mikate yake inafika mpaka huku kwetu. Yeye mwenyewe alilelewa na familia isiyo yake. Kwa hiyo kila Krismasi ikikaribia huwaita watoto wa familia za malezi uani kwake, wanakula pilau, wanapewa nguo mpya na vitu vya shule. Mwaka huu ilikuwa jana.

Na panapotolewa kitu, lazima isomwe risala.

Mwalimu Sengo, mstaafu ambaye ni katibu wa kikundi cha walezi, alikuja nyumbani wiki iliyopita. "Zaituni, wewe ndiye kalamu yetu," akasema. "Ila nakuomba, risala isiyo na changamoto ni salamu tu. Andika iguse. Madam akiguswa, na mwakani atatukumbuka."

Nilikaa na daftari siku mbili. Nikaandika kama risala zote: shukrani, mafanikio, changamoto, maombi. Ikawa kavu kama muhogo wa juzi. Ndipo nikakumbuka anavyotufundisha mwalimu wetu wa Kiingereza: ukitaka kumgusa msomaji, acha kusema watu wanateseka, mwoneshe mtu mmoja.

Mtu mmoja nilikuwa naye. Alikuwa uani anacheza rede, anakwepa mpira.

Mwezi uliopita nilikuwa namsuka Kabula twende kilioni, ile mistari inayoelekea kisogoni. Alikuwa amekaa chini kati ya miguu yangu, amenipa mgongo, nadhani ndiyo maana aliweza kusema. Alinieleza siku aliyoachwa na mama yake. Walikuwa wapi, mama alisema nini, yeye alikuwa ameshika nini mkononi. Halafu akasema, "Dada Zai, usimwambie Mama." Nikasema simwambii.

Kweli, sikumwambia Mama. Niliwaambia watu wote uani kwa Madam.

Sitaiandika hapa. Nimeshaiandika mara moja.

Nilijitetea kwamba sikutaja jina. Niliandika "mmoja wetu, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, mtoto wa wafugaji." Kama vile kwenye kundi letu wamejaa watoto wa namna hiyo. Yupo yeye tu.

Kusoma mbele za watu siwezi, hivyo akapewa Joeli, kijana wa familia nyingine ya malezi, mwenye sauti ya mtangazaji wa redio. Akafika kwenye kisa cha Kabula. Mama mmoja wa mbele akavuta upande wa kanga akafuta macho. Wa pembeni yake naye. Sasa hapa ndipo ninapotaka kusema kweli kuliko popote: nilifurahi. Maneno yangu yalikuwa yanawaliza watu wazima, nikasikia joto kifuani kama mtu aliyetangazwa mshindi. Nilikuwa nageuza shingo kuona nani mwingine analia.

Ndipo nikamwona Kabula.

Alikuwa ameshika chupa ya soda, hanywi. Mvulana aliyekaa nyuma yake akamgusa bega.

"We Kabula, si wewe huyo?"

"Siyo mimi."

"Ni wewe! Msukuma mwingine hapa nani?"

"Siyo mimi, nimeshakwambia. Mimi mama yangu yupo. Krismasi anakuja kunichukua."

"Anakuja na nini, na mkokoteni wa ng'ombe?"

Mstari wote wa nyuma ukacheka. Kabula naye akacheka. Alicheka kwa sauti kuliko wao, na soda ikamwagika kwenye gauni.

Madam Hilda hakulia. Alimwomba Joeli ile karatasi, akaikunja, akaiweka mapajani. Wakati zawadi zinagawiwa akaagiza niitwe.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Wewe ndiye umeandika?"

"Ndiyo."

"Unajua kuandika." Hakuwa anatabasamu. "Na mimi habari yangu ilisomwa hivi hivi nikiwa mdogo, mbele ya watu wa misaada. Siku hiyo walinipa godoro. Nimelilalia miaka, na kila nikijilaza nawaona wale watu wanavyonitazama." "Mwalimu Sengo anataka isomwe tena Krismasi, kanisani kwenu Kilosa, kuna wafadhili watakuja. Mimi nataka kumkatalia. Hebu niambie, mtoto mwenyewe alikubali uandike?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, uso unang'aa. Mwalimu Sengo naye pembeni, anasubiri.

"Ndiyo, Madam. Alikubali."

Sijui kwa nini nilisema vile.

Hapana, najua. Niliogopa kwamba nikisema hapana, macho yote yale yaliyokuwa yananipenda yatabadilika.

"Basi," akasema Madam. "Kama mwenyewe ameridhia, mimi ni nani?" Akamrudishia Mwalimu karatasi.

Kwa hiyo Alhamisi, ndani ya kanisa la Kabula, mbele ya watoto anaoimba nao kwaya, ingesomwa tena. Kwa ajili ya ndiyo yangu moja.

Leo asubuhi nimemkuta Kabula amefumua nywele mwenyewe. Nikachukua chanuo, nikaenda kukaa kwenye kigoda, nikamsubiri kama kawaida yetu. Akapita mbele yangu. "Naenda kwa Mama Shija anisuke." Mama Shija ni jirani anayeuza mkaa, na kwa kusuka hana sifa yoyote. Kabula amerudi na mistari imepinda kama njia ya mbuzi, na amejitazama kwenye kioo akasema imependeza.

Nikaenda jikoni, Mama anapepeta mchele, nikamwambia yote. Ungo ukasimama.

"Yaani jana nimesimama nyuma yako najisifia mtoto," akasema.

Angenipiga ningeona afadhali.

"Nenda kwa Mwalimu sasa hivi."

"Mama, twende wote."

"Kwani mimi ndiye niliyesema ndiyo?"

Nyumba ya Mwalimu Sengo nimeipita mara tatu kabla ya kubisha. Mara ya tatu mke wake akachungulia akaniuliza kama nimepoteza kitu. Mwalimu mwenyewe alifurahi kuniona. "Karibu mwandishi! Nimeshaichapisha, tena nakala za kutosha. Umekuja kurekebisha lugha?"

Nikasema nikiangalia viatu vyake. "Kabula hakukubali, Mwalimu. Hata sikumuuliza. Nilimdanganya Madam."

Akavua miwani.

"Sasa Alhamisi tutasoma nini?"

"Sijui, Mwalimu."

"Wageni wameshaalikwa, Zaituni."

"Najua. Nisamehe."

Aliingia ndani akatoka na karatasi zote, na ile niliyoandika kwa mkono ikiwa juu. Halafu akapiga simu, akanikabidhi. "Zungumza na Madam. Mimi hilo silibebi."

Nilimweleza Madam Hilda kwa sentensi nne, nadhani. Nyuma yake nilisikia wafanyakazi wanapanga masinia ya mikate. Hakunigombeza.

"Mtoto umeshamwambia?"

"Bado, Madam."

"Umeanza na mimi?"

Simu ikakatika. Au aliikata.

Hilo ndilo limeniumiza kuliko yote, kwa sababu ni kweli. Nimeanza na Mama, nikaja kwa Mwalimu, nikaja kwa Madam. Wakubwa kwanza, wenye kuweza kunisema. Mwenye habari yake nimemweka wa mwisho, kama yule anayepewa sahani watu wote wakishakula.

Nilimkuta uani anaosha vyombo. Nikachuchumaa upande wa pili wa beseni.

"Kabula, niliandika habari yako kwenye risala. Ni mimi. Uliniambia nisiseme, nikasema. Halafu Madam akaniuliza kama ulikubali, nikamwambia ulikubali. Kanisani haisomwi tena. Karatasi zote hizi hapa."

Akafuta mikono kwenye sketi, akazipokea. Hakuzisoma. Akazitumbukiza kwenye beseni na kuzikandamiza na viganja mpaka zikawa kama uji.

"Walishasikia," akasema.

"Ndiyo. Walishasikia."

Akaokota sufuria, akaanza kuisugua na zile karatasi. "Sikukuu ikipita wakikuuliza, sema mama yangu alikuja. Krismasi. Sema alikuja, ila alikuwa na haraka akaondoka."

Nikasema sawa kabla hajamaliza.

Nimewaza jioni yote. Jana nilitoa ukweli wake bila ruhusa, nikapigiwa makofi. Leo ameniomba uongo, na nimeukubali, na ndiyo kitu pekee nilichofanya tangu jana ambacho hakinichomi. Hivi hapo nimekosea tena? Na Madam je, akiniuliza kama mama wa mtoto alikuja, nitamjibu nini?

Haya yote nimemsomea Kabula kutoka kwenye simu, neno kwa neno, tumekaa kizingitini. Hiki kipande ninachoandika sasa nacho nitamsomea. Alinisimamisha mara mbili. Sentensi alizozikataa nimezifuta, na moja ilikuwa ndiyo nzuri kuliko zote. Mengine yanayoweza kumtaja nimeyageuza. Jina Kabula si lake, amelichagua mwenyewe. Akasema nisiweke mpaka sikukuu ipite.

"Na watu watajua ni mimi?"

Nikamwambia sijui, labda wapo watakaojua. Nikamuuliza kama niache kabisa. Akafikiri. Akasema weka, ila pale nilipoandika alicheka kwa sauti, niandike na soda ilivyomwagika, kwa sababu ndicho alichokuwa anakiwazia, gauni.

Nimeandika na soda.

Sijamuuliza kama amenisamehe. Nadhani nimeshachukua vya kutosha kwake.