Saa ya Mteja Aliyekohoa

9 Juni

Baba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, naosha chupa za maabara mpaka vidole vimekunjamana.

Unasema mjukuu wako niliyekuachia amekutwa na korona lakini anaruka kamba. Nimemuuliza daktari wetu. Anasema pua ya mtoto ina walinzi wasiosinzia: kirusi kikigusa mlango tu, kelele. Walinzi wetu watu wazima huchelewa kuamka, kisha kwa hasira huvunja na vyombo vya ndani. Kwa hiyo kupona kwake si kinga yako. Tafadhali, vaa barakoa, na asilale chumbani kwako.

Binti yako

14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo umeacha kuuma, umekipisha kifua. Barua yako nayo imechelewa kama hao walinzi. Mtoto alipiga chafya siku mbili, ya tatu akaomba mkate. Alipolia nimbebe, ulitaka nimshike kwa kibano changu cha kutengenezea saa?

Sisikii harufu. Hata soksi zangu sina ugomvi nazo.

Sasa sikiliza. Ameniona nakohoa, akauliza, "Babu, ni mimi?" Nikamwambia ni mteja, alikuja kabla yeye hajaugua, akakohoa juu ya meza yangu. Unajua kila saa ninayopokea naifunga kikaratasi chenye tarehe. Nimefunga kimoja kwenye saa moja: *mteja wa kikohozi, 1 Juni*. Ipo kwenye droo. Akiuliza tena, mwonyeshe. Fundi saa hadanganyi tarehe.

Baba yako

2 Agosti

Baba,

Shikamoo. Hali sikuulizi. Tangu tukuzike naandika kwa mazoea, na hili sina mwingine wa kumwambia.

Jana mtoto aliuliza tena kama ni yeye aliyekuambukiza. Nikafungua droo. Akaigeuza ile saa, akagusa tundu la ziada kwenye mkanda, ulilotoboa kwa msumari ulipokonda. Baba, duka zima ulikosa saa nyingine ila yako? Na msumari alikushikia yeye!

Nikangoja aseme ni yako. Aliitia ufunguo, akakinyoosha kikaratasi, akairudisha mahali pake.

"Mama, huyo mteja alipona?"

"Alipona. Siku mbili tu."

"Anajua kwamba babu amekufa?"

Nimepekua droo nzima. Kikaratasi cha jibu hilo hukuniachia.

Binti yako