Matairi Yanayolika kwa Ndani

Kaloleni, Jumanne usiku, Agosti 1979

Niwie radhi, shajara yangu. Tangu Pasaka sijakuandikia neno, nami sina udhuru wa maana.

Kinachonikera ni gari la mwanangu Mutua. Alikata springi za mbele ili liiname kama magari ya vijana wenzake. Leo nimepitisha kiganja kwenye matairi: kwa nje bado yana meno, kwa ndani yamekuwa laini kama sahani.

"Usijali, mzee," akasema. "Nitayageuza kwenye rimu, upande mzima uingie ndani. Magurudumu nilishapima na kamba, yako sawa."

Nikafunga nati kwenye uzi, nikauning'iniza kando ya gurudumu. Kwa juu limeinamia ndani kwa upana wa kidole gumba, ndiyo maana tairi linalika kwa ndani, na hata likigeuzwa litalika vilevile. Kamba yake ilipima kama magurudumu yanatazama mbele, haikupima kama yamesimama wima.

Akachuchumaa, akatazama, akacheka kidogo. "Haya, mzee, umenishika. Lakini usimwambie mama."

Hapo ndipo penye uzito. Jumamosi anampeleka mama yake Kitui, naye mke wangu amekwisha kuwatangazia wanawake wa kanisa kwamba atafika kwa gari la mwanawe. Fundi wa kuyasimamisha magurudumu hana nafasi kabla ya Jumatatu. Nikimwambia mke wangu apande basi, nitamvunja moyo. Nikinyamaza, na tairi lipasuke kwenye mteremko wa barabara ya Kitui...

Angalau Mutua hakubisha. Nikishaamua nitaandika hapa, hata kama mke wangu atakuwa hasemi nami.